Je, Wajua? Mawe ya Kilindini Hubadilika Njiani

JE, WAJUA kwamba hakuna binadamu aliyewahi kutoboa ganda la bara mpaka akatokea upande wa chini? Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote ni la Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi. Wasovieti walianza kulichimba mwaka 1970, na mwaka 1989 keekee yao ilifika mita 12,262. Chini ya Tanzania ganda hilo lina unene wa kilomita 40 hivi. Likiisha, inaanza manto: tabaka la miamba ya moto linaloshuka hadi kina cha kilomita karibu 2,900. Vipande vya manto tulivyowahi kuvishika, karibu vyote tuliletewa. Vingine vilisukumwa juu polepole milima ilipokuwa ikikunjamana, na vingine vilibebwa na magma ya volkano. Safu ya leo ni ya hivi vya pili, na yaliyovipata njiani.

JE, WAJUA kwamba manto si ziwa la uji wa moto? Ni mwamba mgumu. Joto lake hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, lakini haliuyeyushi kwa sababu uzito wa miamba iliyo juu yake umeubana. Kwenye kina cha kilomita 150 mgandamizo ni karibu mara 50,000 ya huu wa hewa tunayoivuta. Magma huzaliwa pale tu sehemu ndogo ya mwamba huo inapoyeyuka, kisha ikaanza kutafuta njia ya kupanda. Ikipanda hubomoa kuta za njia yake na kuondoka na vipande vyake. Wanajiolojia huviita zenolithi. Hapa tutaviita mawe abiria.

Jiwe abiria la kawaida kutoka manto ni la kijani. Jina la mwamba wake ni peridotaiti, na ndani yake mna madini manne. La kwanza na lililo jingi zaidi ni olivini, ya kijani kibivu kama kioo. La pili ni enstataiti, yenye rangi ya kahawia. La tatu ni diopsidi, ambayo kromiamu huipa kijani kikali kinachovutia macho. La nne hutegemea kina cha mahali jiwe lilipotoka. Karibu na juu, palipo na ganda jembamba, hadi kilomita 30 hivi, ni feldspa. Chini zaidi ni spineli, madini meusi au ya hudhurungi. Ukipita kilomita 70 au 80, spineli huondoka na nafasi yake kuchukuliwa na ganeti nyekundu. Kemia ya mwamba mzima haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni namna atomi zilivyojipanga ili kutosha kwenye nafasi iliyobanwa zaidi.

Kwa hiyo ganeti ndani ya peridotaiti ni hati ya kusafiria: jiwe hili limetoka mbali. Lakini hati hiyo huanza kuchakaa mara tu jiwe linapong'olewa.

JE, WAJUA nini huipata ganeti inapopanda? Mgandamizo ukipungua, ganeti na olivini zilizogusana haziwezi tena kukaa pamoja kwa amani. Kwenye mpaka wao huanza mmenyuko: ganeti inaliwa kutoka nje kwenda ndani, na mahali pake huzaliwa enstataiti, diopsidi na spineli. Safari ikiwa fupi, madini hayo mapya hayapati muda wa kukua. Hubaki nyuzinyuzi nyembamba mno, zilizopangika kuelekea kitovu cha ganeti, na kuonekana vizuri kwa hadubini peke yake. Kwa macho utaona ganda jeusi au la kijivu lililoizunguka ganeti, na moyo mwekundu ukiwa umebaki katikati. Ganda hilo huitwa kelifaiti. Mara nyingine moyo wote umeshaliwa, na kinachobaki ni duara jeusi pale palipokuwa na ganeti.

Mtu anayetafuta kito ataliona ganda hilo kuwa kasoro. Kwangu mimi lina thamani kuliko moyo mwekundu uliomo ndani. Moyo unatuambia jiwe lilikotoka. Ganda linatuambia lilivyosafiri.

JE, WAJUA kwamba moja ya mahali maarufu duniani kwa mawe ya namna hii pako jirani na Arusha? Ni kilima cha Lashaine, upande wa Monduli. Volkano nyingi za Bonde la Ufa hutoa mawe abiria yenye spineli tu. Lashaine ilitoa yenye ganeti, kutoka kina cha zaidi ya kilomita 100, na mwanajiolojia Mwingereza Barry Dawson aliyaeleza kwa ulimwengu katika miaka ya 1960. Kusini kidogo ya Mlima Hanang kuna volkano nyingine ndogo, Labait, iliyoleta mawe kutoka karibu kilomita 150. Vipimo vya elementi za reniamu na osmiamu vinaonyesha kwamba manto ya chini ya Tanzania ya kati imekaa hapo kwa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Bonde la Ufa linapopasuka pembeni yake, mzizi huo mkongwe ungali umeshikilia.

JE, WAJUA kwamba mabadiliko mengine hutokea kabla magma haijafika kulichukua jiwe? Mfano mzuri uko Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Mawe abiria ya huko yana vishada vya spineli na piroksini (kundi la enstataiti na diopsidi) vinavyoonyesha kwamba palikuwa na ganeti, lakini chembe za vishada hivyo ni kubwa, zimekua kwa utulivu. Hiyo si kazi ya saa chache ndani ya magma. Manto yenyewe ilipanda polepole wakati ardhi ya sehemu hizo iliponyooshwa na kuwa nyembamba, miaka mingi kabla volkano za Marsabit hazijazaliwa, na ganeti ikapata muda wa kugeuka kabisa. Baadaye sana magma ikaja ikalikuta jiwe lililokwisha badilika, ikalibeba. Chembe kubwa ni alama ya safari ndefu, chembe laini ni alama ya safari fupi. Jiwe moja linaweza kubeba alama zote mbili, na anayelisoma lazima azitenganishe kabla ya kutoa hukumu.

Na hiyo safari fupi ni fupi kiasi gani? Jibu la kwanza ni la uzito. Jiwe la manto ni zito kuliko magma inayolibeba, kwa hiyo likiachwa huzama. Kama limefika juu, magma ilipanda kwa kasi kuliko jiwe lilivyokuwa likizama.

Jibu la pili ni zuri zaidi. Olivini ya kilindini huwa na hidrojeni kidogo iliyojificha ndani ya fuwele yake, mabaki ya maji ya huko chini. Magma ikipanda, hidrojeni hutoroka, ikianzia kingoni mwa chembe. Katika joto la magma tunajua inavyotoroka haraka. Hivyo ukipima kiasi kilichobaki, hatua kwa hatua kutoka ukingoni hadi katikati, unaweza kukokotoa muda ambao olivini ilikaa safarini. Mwaka 2006 Sylvie Demouchy na wenzake walifanya hivyo kwa mawe ya Pali Aike, kule Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika Kusini. Walipata mwendo wa mita 6 hivi kwa sekunde, pengine 3, pengine 9. Mita 6 kwa sekunde ni mwendo wa mtu aliyekazana juu ya baiskeli. Kwa mwendo huo jiwe lililong'olewa kilomita 70 chini linafika juu kwa saa tatu na ushee, na la kilomita 150 kwa saa saba.

Saa saba! Mwamba uliotulia kwa miaka bilioni mbili na nusu unang'olewa alfajiri na kutua nje kabla ya adhuhuri kupita mbali.

JE, WAJUA kwamba almasi, kwa haki ya fizikia, haikupaswa kuwapo hapa juu? Almasi na kinywe, yaani grafiti, ni kaboni tupu zote mbili. Mwaka 1772 Mfaransa Antoine Lavoisier alichoma almasi kwa lenzi kubwa iliyokusanya miale ya jua na kuona kwamba inatoa hewa ileile itolewayo na makaa. Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant alithibitisha kwamba ni kaboni na si kitu kingine. Kwenye mgandamizo mdogo wa uso wa dunia umbo lililo tulivu la kaboni ni kinywe. Almasi hutulia tu kuanzia kina cha kilomita 150 hivi chini ya mabara ya kale. Kinachoiokoa hapa juu ni ubaridi: ili atomi zake zijipange upya zinahitaji joto kali, na joto hilo halipo. Wasiwasi uko njiani, pale mgandamizo unaposhuka huku joto likiwa bado juu. Magma ikichelewa, almasi imekwisha.

Ushahidi wa almasi zilizochelewa upo, na uko Afrika. Katika milima ya Rif, kaskazini mwa Moroko, kuna mwamba mkubwa wa manto uitwao Beni Bousera. Haukubebwa na volkano. Ulipanda ukiwa mwamba mgumu, kwa mwendo wa milima inapokua, ukiwa na moto wake. Ndani yake mna matabaka yenye kinywe kingi, na kinywe hicho kina umbo la kushangaza: pande nane zenye ncha juu na chini. Kinywe hakina desturi ya kuota hivyo, lakini almasi inayo. Kila kipande ni kaburi la almasi. Umbo limebaki la marehemu, lakini ndani yake kaboni imejipanga upya ikawa kitu laini cha kuandikia.

Hata almasi iliyowahi haikusalimika yote. Magma huitafuna. Maji na hewa ya ukaa vilivyomo ndani ya magma hula kaboni kutoka kwenye kona na kingo, na fuwele yenye pande nane kali inageuka polepole kuwa kito cha mviringo chenye nyuso zilizopinda. Almasi iliyofika kwenye umbo hilo inaweza kuwa imepoteza karibu nusu ya uzito wake. Juu ya nyuso zake, chini ya hadubini, utakuta vishimo vya pembetatu vilivyochimbwa na ulaji huo. Wataalamu husoma umbo na kina cha vishimo hivyo ili kujua magma ilikuwa na maji zaidi au hewa ya ukaa zaidi.

Sasa tuje kwenye magma yenyewe, ile iletayo almasi. Inaitwa kimberlaiti, kwa jina la mji wa Kimberley wa Afrika Kusini. Je, wajua kwamba inakula abiria wake ili ipate nguvu ya kupanda? Hii ndiyo habari ninayoipenda kuliko zote za leo.

Fumbo lilikuwa hivi. Enstataiti ni sehemu kubwa ya manto, mahali pengine inafikia robo ya mwamba. Lakini ukichunguza vipande vilivyosagika ndani ya kimberlaiti utakuta olivini tele, ganeti, diopsidi, na enstataiti adimu sana. Ilipotelea wapi? Mwaka 2012 Kelly Russell wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, na wenzake walitoa jibu katika jarida la Nature. Walisema magma hii huanza safari ikiwa na kabonati nyingi na silika kidogo. Inapopanda huyeyusha enstataiti, ambayo imejaa silika. Magma yenye silika nyingi haiwezi kushikilia hewa ya ukaa nyingi, kwa hiyo hewa hiyo hutoka na kuwa mapovu. Mapovu hupunguza uzito wa magma. Magma nyepesi hupanda kwa kasi zaidi, hubomoa kuta zaidi, hupata enstataiti zaidi. Waliyeyusha kabonati kwenye tanuri, wakatia unga wa enstataiti, na kwa dakika chache povu likafoka.

Kwa hesabu hiyo, madini moja hujitoa ili mengine yafike, na almasi iliyo kwenye pete ya bibi harusi ilisukumwa juu na enstataiti iliyoyeyuka chini yake. Magma inayotoka nje si ile iliyoondoka chini. Imekwisha kuchanganyika na kila ilichokibomoa. Ndiyo maana kujua kimberlaiti ilikuwaje mwanzoni ni moja ya maswali magumu ya jiolojia hadi leo.

JE, WAJUA kwamba kimberlaiti changa kuliko zote zinazojulikana duniani iko mkoani Tabora? Kimberlaiti nyingi ni za kale mno. Za Kimberley zina miaka milioni 80 hadi 90, na ya Mwadui, Shinyanga, ina zaidi ya milioni 50. Vilima vya Igwisi, upande wa Urambo, vililipuka miaka 10,000 hivi iliyopita, au zaidi ya hapo kidogo. Kwa mizani ya dunia, hiyo ni jana. Ni vilima vitatu vidogo, mtu anaweza kuvipita bila kuvigeukia. Lakini lava na majivu yake bado yapo juu ya ardhi, vitu ambavyo kwa kimberlaiti nyingine karibu vyote vimefagiliwa na mvua ya mamilioni ya miaka. Olivini zake zimeviringika pande zote, kona zimelika kwa kusuguana na kuyeyuka njiani. Wanasayansi kutoka mabara mengine hufunga safari kuja kuviona. Nchini mwenyewe vinajulikana kwa wachache mno, na hilo linanisikitisha.

JE, WAJUA ni chombo gani kinacholeta madini ya kilindini bila kuyaacha yabadilike? Ni almasi yenyewe. Inapokua huko chini hufungia ndani yake chembe za madini ya jirani. Kuta zake ni ngumu kiasi kwamba chembe hizo hazipati nafasi ya kutanuka, na mgandamizo wa huko chini hubaki ndani yake, ukipungua kiasi tu, hata almasi ikiwa mezani Antwerp au Shinyanga. Mara nyingine chembe husukuma kuta kwa nguvu hadi mipasuko midogo ikaizunguka. Mnunuzi wa vito huiita doa na kupunguza bei. Mwanajiolojia atalipa kwa furaha.

Doa la namna hiyo lilitangazwa mwaka 2014. Almasi ilitoka kwenye changarawe za mito ya Juína, Brazil, nayo ilikuwa ndogo na isiyo na mvuto. Graham Pearson wa Chuo Kikuu cha Alberta na wenzake walikuta ndani yake chembe ya ringwudaiti. Haya ni madini yenye kemia ya olivini, ila atomi zimebanwa kwa mpangilio unaowezekana tu kwenye kina kikubwa, kati ya kilomita 520 hivi na 660. Chembe ikitoka huko bila kufungiwa, hurudi kuwa olivini. Hii ilifungiwa, ikafika, na ndani yake mlikuwa na maji asilimia 1.5 hivi ya uzito wake. Si maji ya kumiminika; ni hidrojeni na oksijeni zilizoshikamana na fuwele. Miaka minne baadaye, 2018, watafiti wengine walitangaza almasi zenye barafu ndani yake. Ilikuwa maji yaliyonaswa kilindini yakagandishwa na mgandamizo, si baridi, na yanabaki barafu hata kwenye chumba chenye joto la kawaida.

Lakini almasi nayo ina kikomo. Madini yaliyo mengi kuliko yote katika sayari yetu huaminiwa kuwa brijimanaiti, iliyojaza manto ya chini ya kilomita 660. Hakuna aliyewahi kuipata ikiwa nzima ndani ya almasi. Kila mara imekutwa imekwisha kugeuka kuwa aina ya enstataiti, na watafiti huitambua kwa kemia yake na kwa majirani iliokutwa nao. Ilipopewa jina rasmi mwaka 2014, sampuli iliyotumika haikutoka ardhini bali angani: ni kimondo cha Tenham, kilichoanguka Australia mwaka 1879, ambacho mgongano wa huko angani ulikibana kwa nguvu za kilindini. Madini yaliyo mengi kuliko yote chini ya miguu yetu, na ilibidi yatushukie kutoka juu!

Huko Jagersfontein, Afrika Kusini, ganeti zilitoa kisa kingine. Ganeti ikiwa chini ya kilomita 300 humeza piroksini. Mgandamizo huilazimisha ipokee silika ya ziada. Ikipanda, haiwezi tena kuibeba, hivyo piroksini hutengana nayo na kujipanga ndani yake kwa vijiti na vibati vyembamba. Mwaka 1990 na 1991 Stephen Haggerty na Violaine Sautter walivikusanya vibati hivyo kwa hesabu, wakavirudisha kinadharia ndani ya ganeti, wakapata kina cha mawe hayo kabla hayajaanza kupanda: zaidi ya kilomita 300.

Na mifano mingine, kwa haraka. Zirkoni kubwa zinazobebwa na kimberlaiti hunyang'anywa silika kingoni, zikaota ganda la oksaidi ya zirkoniamu; kimberlaiti za Mbuji-Mayi, Kongo, zenye umri wa miaka milioni 70 hivi, zinajulikana kwa zirkoni zake na kwa madini hayo ya oksaidi. Diopsidi iliyoguswa na magma huyeyuka kidogo kwenye kingo na kuwa na vitundu vingi. Jiwe abiria jekundu badala ya kijani ni olivini iliyokutana na hewa ikiwa bado ya moto, chuma chake kikashika kutu. Ngazidja, katika visiwa vya Komoro, mawe abiria yanaonyesha kwamba kimiminika cha kabonati kilipita ndani ya manto na kugeuza enstataiti kuwa diopsidi kabla volkano haijayatoa. Na vito vingi vya zabarajadi vinavyouzwa duniani ni olivini iliyotoka ndani ya mawe abiria ya basalti huko San Carlos, Arizona, nchini Marekani.

JE, WAJUA kwamba mabadiliko hayaishii mlangoni mwa volkano? Olivini ikikutana na maji katika joto la chini hugeuka serpentini, laini na ya kijani-buluu. Wachimbaji wa Kimberley wa karne ya 19 waliuita mwamba huo ardhi ya buluu. Walipoona ni mgumu kuusaga, waliutandaza uwanjani na kuuacha kwa miezi kadhaa upigwe na jua na mvua, mpaka ukajimeng'enya wenyewe na kuachia almasi.

Ganeti na madini mengine yanayodumu husambaa kwenye udongo baada ya mwamba wao kuoza. Botswana, ambako mchanga wa Kalahari umefunika kila kitu, mchwa husaidia: huchimba chini sana kutafuta unyevu, na hupandisha chembe hizo hadi kwenye vichuguu. Watafutaji wa almasi huchekecha udongo wa vichuguu kutafuta ganeti. Safari iliyoanzishwa na magma kilomita 150 chini humaliziwa na mchwa.

Hakuna mahali ambapo mabadiliko ya mwisho huonekana wazi kuliko Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, kusini mwa Ziwa Natron. Ni volkano pekee iliyo hai inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu. Barry Dawson, yuleyule wa Lashaine, ndiye aliyeitambua baada ya kuingia kreta yake mwaka 1960. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya basalti, na huteleza kwa wepesi. Mchana huonekana nyeusi. Ikipoa huzaa madini mawili yasiyo ya kawaida: nyerereiti, iliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, na gregoriti, yenye jina la J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyelifanya Bonde la Ufa lijulikane Ulaya. Madini hayo hayawezi kuvumilia hewa yetu yenye unyevu. Kwa saa chache hadi siku chache huvuta maji, na lava nyeusi inageuka nyeupe, sehemu yake ikiwa magadi kama yale ya kupikia maharage. Mvua huendelea kuiosha sodiamu hadi ikabaki chokaa. Mtu akitaka nyerereiti safi, lazima aichukue mapema na aihifadhi pakavu.

Mwadui ndiyo iliyotutangaza zaidi. Mkanada John Williamson aliipata mwaka 1940: kimberlaiti yenye eneo la hekta 146 juu ya ardhi, moja ya kubwa kuliko zote zilizowahi kuchimbwa kwa faida. Mwaka 1947 ilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Ilipokatwa ilibaki na karati 23.6. Habari hiyo imeandikwa kila mahali. Ile ya ganeti zenye maganda meusi za Lashaine, za olivini zilizoviringika za Igwisi, haijaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili, na watoto wetu wanamaliza shule wakijua mchoro wa matabaka ya dunia bila kujua kwamba vipande vya tabaka la pili vimelala mkoani kwao.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa jiografia na sayansi wa Arusha, Manyara, Tabora, Marsabit na kote zilipo volkano changa: watoeni wanafunzi nje nusu siku, wakiwa na lenzi ya mkononi. Na wewe msomaji, ukiokota jiwe jeusi la volkano lenye kipande cha kijani ndani yake, usilivunje. Andika kwanza jina la kilima na tarehe, lifunge kwenye karatasi, kisha mwonyeshe mwalimu wa sayansi au mwanajiolojia aliye karibu nawe. Kwa Tanzania, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma.